Ukumbi wa Kujifunzia Kughairi: Marubani Wapya na Anga ya Kagera

Mtu wa Ngara au wa Biharamulo anayetaka kufika Dar es Salaam bila ya kukesha njiani ndani ya basi hana budi kwanza kuteremka vilima vyake kwa barabara, akishika njia ya Bukoba, au ya Chato, au ya Mwanza ambayo tangu mwaka 2025 imefupishwa na daraja la Kigongo na Busisi, ndipo apande chombo cha angani. Mkoa wa Kagera, pamoja na ukubwa wake na wingi wa watu wake, hutegemea kwa safari za ratiba uwanja wa Bukoba, ulio ukingoni kabisa mwa Ziwa Viktoria na wenye njia ya kurukia ya kadiri ya kilomita moja na nusu, nusu tu ya ile ya Chato. Kwa ufupi huo ndege kubwa hazitui pale, na wasafiri wetu huchukuliwa na ndege za wastani zenye injini mbili na rafadha mbili, za namna ya ATR na Dash 8 Q400, ambazo aghalabu ndizo rubani kijana huanza nazo kazi katika mashirika yetu kabla ya kupandishwa kwenye jeti kama Airbus A220 iendayo Mwanza. Maana yake ni kwamba anga ya magharibi ya ziwa ni moja ya mahali ambapo elimu ya marubani wapya hutiwa mtihanini, na abiria wa Ngara na Biharamulo ni miongoni mwa wale wanaokabidhi roho zao katika matokeo ya mtihani huo.

Ngara si mgeni wa ndege. Mwaka 1994, ilipotukia kwamba watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29 Aprili, wakaifanya Benaco kuwa mji wa mahema, ndege za misaada zilikuja na kurudi juu ya vilima hivi, zikileta waganga, dawa na maafisa. Watoto wa wakati huo ni watu wazima leo, na wengi wao hupanda ndege kwa biashara, kwa matibabu, kwa masomo ya watoto wao. Walakini kati ya mambo yote ya usafiri wa anga ambayo mtu wa kwetu hujadili, yaani nauli, ucheleweshaji, uzito wa mizigo na ubovu wa hali ya hewa, moja halijadiliwi hata kidogo, nalo ni namna rubani anavyofundishwa kupambana na balaa kabla balaa haijafika.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, karibu na saa tatu za asubuhi, ndege ya shirika la Precision Air ya namna ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa kupitia Bukoba, ilianguka ziwani ikiwa imekaribia kabisa kutua, katika asubuhi yenye hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Waliookoka ni 24. Waliofariki ni 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, aliyetumia kasia kuufungua mlango wa nyuma ili watu watoke, alipata kwa ushujaa ule heshima ya taifa zima. Siku ya pili yake marehemu waliagwa katika uwanja wa Kaitaba mbele ya umati uliojaa huzuni. Sababu za ajali ile ni shauri la wachunguzi waliopewa dhamana hiyo na sheria, nami siwatwiki marehemu lawama yoyote. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Baada ya msiba, mazungumzo yalihusu boti za uokoaji, urefu wa njia ya kurukia, vyombo vya kupimia mawingu na upepo. Yote hayo ni haki, na kila moja linastahili fedha na bidii. Lakini boti ya uokoaji huja baada ya ajali, ilhali pako mahali ambapo abiria huokolewa miezi na miaka kabla ya kupanda ndege, bila ya wenyewe kujua, napo ni katika ukumbi mrefu usio na madirisha, aghalabu katika nchi ya mbali, ambamo limesimama sanduku kubwa juu ya miguu sita ya chuma.

Chombo hicho marubani hukiita simuleta. Ndani yake kimejengwa chumba cha urubani kilicho sawasawa na kile cha ndege yenyewe, swichi kwa swichi na taa kwa taa, na viti, na usukani, na kanyagio, hata uzito wa mkono unaohitajika kuvuta usukani umepimwa ukalinganishwa na wa ndege halisi. Mbele ya vioo vyake huangazwa picha pana ya dunia: njia ya kurukia, mji, mlima, mawingu, mvua, usiku na mapambazuko. Miguu ile sita hurefuka na kufupika kwa amri ya kompyuta, ikalitikisa sanduku, ikaliinamisha, ikaliinua. Na hapo ndipo ilipo hila ya ajabu ya mafundi, kwamba sanduku likiinuliwa pua polepole wakati picha iliyo mbele inaonyesha ardhi tambarare, sikio la ndani la mwanadamu, ambalo haliwezi kupambanua mvuto wa dunia na msukumo wa mwendo, huamini kwamba ndege inaongeza kasi, na rubani hukandamizwa kitini mwake ilhali hajatoka hata hatua moja mahali alipo. Simuleta zilizofikia daraja la juu kabisa, daraja D, huaminiwa kiasi cha kwamba rubani mwenye uzoefu wa kutosha anaweza kumaliza humo mafunzo yote ya aina mpya ya ndege, na mara ya kwanza atakapoishika ndege yenyewe, abiria watakuwa wamekaa nyuma yake, na mkufunzi amekaa kando yake.

Msomaji asishtuke kwa habari hiyo. Historia ya chombo hiki ni historia ya watu waliokwisha kuchoka kuzika. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza vinanda, alichukua maarifa ya mivukuto na mabomba ya upepo, akatengeneza mwishoni mwa miaka ya 1920 sanduku dogo lenye mabawa mafupi lililoweza kuyumba na kuzunguka kwa nguvu ya hewa. Wengi walilidharau, na kwa muda lilikuwa kitu cha kuchezea katika viwanja vya burudani. Kisha, mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipokabidhiwa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani wake wasiojua kuruka kwa kutazama saa na vipimo pekee wakafa mmoja baada ya mmoja katika ukungu na theluji, serikali ile ikanunua masanduku 6 ya Link. Vita kuu ya pili ilipokwisha, nusu milioni ya marubani wa mataifa mbalimbali walikuwa wamepita ndani yake. Dharau iliondolewa na makaburi.

Somo moja ndani ya simuleta ya leo huchukua saa nne, na kabla yake kuna saa moja na zaidi ya maelezo, na baada yake kuna mahojiano ambayo marubani wengi huyahofu kuliko somo lenyewe. Wanafunzi huingia wawili wawili, mmoja akaendesha na mwenziwe akasimamia vipimo na kusoma orodha za ukaguzi, kisha wakabadilishana katikati ya somo; mkufunzi hukaa nyuma yao mbele ya kioo chake, na kwa ncha ya kidole anaweza kuwasha moto katika injini, kuziba macho ya marubani kwa ukungu, kugeuza upepo, au kusimamisha dunia yote ikae kimya ili aulize: umeona nini, na kwa nini umetenda ulivyotenda? Katika kuruka kuna kasi moja inayohesabiwa kwa kila safari, ambayo ndege ikishaipita haina tena nafasi ya kusimama ndani ya njia iliyobaki, sharti ipae hata kama injini moja imekufa. Mkufunzi hungoja hapo hapo, katika nukta ile ile, akaizima injini. Pua ya ndege hukimbilia upande wa injini iliyokufa, kengele hulia, mikono hutaka kufanya mambo mengi kwa haraka, na elimu yote ya miezi iliyopita hukusanyika katika tendo moja la mguu unaokanyaga kwa uthabiti na mkono unaotulia. Somo hilo hurudiwa hata fadhaa iishe katika mwili. Wala halimalizwi kwa kupata kazi: kaida za kimataifa zinataka rubani wa ndege za abiria apimwe mara mbili katika kila mwaka, awe kijana wa juzi au mzee mwenye nywele nyeupe.

Ajali nyingine zimeingizwa ndani ya masanduku hayo zikawa mafunzo. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya Delta ilipigwa chini na upepo uliomwagika kutoka katika wingu la radi ilipokuwa ikikaribia kutua Dallas, wakafa watu 137; vipimo vya upepo ule vikachambuliwa, vikatiwa katika simuleta, na tangu hapo maelfu ya marubani wamekutana nao bila kufa, wakajifunza dalili zake na namna ya kuukimbia. Jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengi duniani, kwa kuwa Ziwa Viktoria ni mojawapo ya mahali penye radi nyingi mno katika sayari hii. Usiku, upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana juu ya maji yaliyohifadhi joto la mchana, mawingu yakapanda kwa urefu wa kutisha, na alfajiri huyasukuma kuelekea magharibi, kwenye pwani ya Bukoba, ambako mvua kubwa za asubuhi ni jambo la kawaida. Safari ya asubuhi na mvua ya asubuhi hukutana juu ya uwanja ule ule mfupi.

Hapo ndipo lilipo somo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni somo la kughairi kutua. Rubani amefika mwisho wa safari, uwanja anauona mara unatokea mara unafichwa na mvua, abiria wamekwisha kufunga mikanda, ndugu zao wanangoja nje. Na ndege haikukaa vema, ina kasi iliyozidi au inashuka upesi kuliko inavyopasa. Kaida iko wazi: kama chombo hakijatulia katika kimo kilichowekwa, ongeza nguvu, paa, zunguka, jaribu tena au nenda kwingine. Hata hivyo taasisi ya Flight Safety Foundation, ilipochunguza jambo hili, iliona kwamba kati ya kila miteremko 100 isiyotulia, karibu 97 huendelezwa hadi kutua. Marubani wanaofanya hivyo ni wenye elimu na leseni, wengi wao hodari. Kinachowashinda ni tamaa ya kumaliza, ambayo humvuta kila mwanadamu aliyekwisha kuona mlango wa nyumbani. Ukitaka kuishinda tamaa hiyo kwa hotuba hutaweza. Hushindwa kwa kuzoezwa, na mazoezi hayo hayana mahali pengine pa salama isipokuwa ndani ya sanduku lile, ambamo mwanafunzi hughairi mara nyingi hata kughairi kukawa tendo la kawaida lisilo na haya.

Kadhalika kuna suala la ulimi. Sisi tumelelewa katika nyumba ambamo kijana hutangulia kutoa shikamoo na kungoja marahaba, na mkubwa akinena, mdogo husikiliza. Ni adabu njema, nami sitamani ipotee. Lakini katika chumba cha urubani rubani msaidizi mwenye miaka 24 ana wajibu wa kumwambia kapteni wa miaka 55, kwa sauti isiyotetemeka, kwamba kasi imezidi na kwamba lazima waghairi. Mwaka 2007, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei, Boeing 737 ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Kameruni, katika giza na dhoruba, ikaanza kulala upande mmoja polepole bila ya marubani wake wawili kuitambua hali mapema na kuirekebisha kwa pamoja, ikaanguka muda mfupi baadaye. Watu wote 114 wakafa. Wachunguzi walitaja kupotewa na hisi za mwelekeo, na pia upungufu wa ushirikiano kati ya marubani. Simuleta ikitumiwa ipasavyo humfundisha kijana kunena na humfundisha mkubwa kusikiliza, na baada ya somo mkufunzi huweza kuwarudishia maneno yao wenyewe wayasikie.

Chombo chenyewe, pamoja na ustadi wake wote, hakiokoi mtu ikiwa wakaguzi hawana insafu. Tarehe 4 Februari 2015 ndege ya TransAsia, ATR 72, ilipoteza nguvu ya injini moja mara baada ya kuruka kutoka Taipei. Kapteni akaizima kwa makosa ile injini iliyokuwa nzima, ndege ikagonga daraja la barabara na kutumbukia mtoni, wakafa watu 43. Uchunguzi ulionyesha kwamba kapteni huyo alikuwa amekwisha kuonekana dhaifu katika zoezi hilo hilo la injini kufa wakati wa kuruka, ndani ya simuleta, mwaka uliotangulia. Alikwama, akapimwa tena, akapitishwa. Sanduku lilikuwa limesema kweli mapema. Baada ya ajali marubani wengine wa ATR wa shirika lile walihojiwa kuhusu injini kufa, na 10 wakashindwa. Na huko Marekani, tarehe 12 Februari 2009, Dash 8 Q400 ya shirika dogo la Colgan, ndege ya jamii ile ile inayoleta watu wetu Bukoba, ilianguka karibu na Buffalo wakafa watu 50, kwa kuwa kapteni, alipoonywa na usukani uliotetemeka kwamba mabawa yanakaribia kupoteza mnyanyuo, alivuta pua juu badala ya kuishusha. Sheria za nchi ile zikabadilishwa, na marubani wakalazimishwa kufundishwa ndani ya simuleta hali kamili ya kupoteza mnyanyuo, ambayo hapo zamani waliishia kwenye ukingo wake tu.

Watu wa hesabu watasema kwamba simuleta ya daraja la juu hununuliwa kwa mamilioni ya dola, na kwamba saa moja ndani yake ina bei. Ni kweli. Basi na wakumbuke Boeing 737 MAX, ambayo mwanzoni iliuzwa kwa sifa ya kutohitaji mafunzo ya simuleta kwa marubani waliozoea 737 ya kabla yake. Baada ya ajali ya Indonesia ya Oktoba 2018 iliyoua watu 189, na ile ya tarehe 10 Machi 2019 ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi na kuua watu 157, kampuni yenyewe, Januari 2020, ilipendekeza mafunzo hayo yawe ya lazima. Akiba ile ilikuwa ghali kupita kiasi.

Waafrika Mashariki hatukuanza jana kuyafikiri mambo haya. Jumuiya ya zamani iliendesha shirika moja la ndege kwa nchi tatu, ikaanzisha Soroti, Uganda, mwaka 1971 chuo cha urubani kwa ajili ya vijana wa nchi zote. Shirika lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikaanza kuhangaika peke yake. Waethiopia walijenga Addis Ababa chuo chao chenye simuleta za aina nyingi, kikawa kimbilio la Afrika, nasi kwa miaka mingi tumekuwa tukiwatuma marubani wetu nje, wakihesabiwa saa kwa fedha za kigeni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kimeingia katika kazi ya kufundisha marubani, nayo ni hatua ya kushukuriwa. Ndege za serikali zimeongezeka tangu Q400 za kwanza zilipotua mwaka 2016. Kilichobaki ni kuongeza kwa kiasi kile kile saa za mazoezi za wanaoziendesha, na kama kila nchi haiwezi kujinunulia simuleta ya ATR au ya Q400, nchi tatu au nne zilizo na ndege hizo zaweza kushirikiana.

Nami naongeza dai moja. Simuleta huja na picha kamili za viwanja vikubwa, Dubai na London na Johannesburg, ilhali viwanja vidogo mara nyingi havimo, na mwanafunzi hutua katika uwanja wa mfano usio mahali popote. Bukoba yafaa iwemo: maji mpaka kwenye kizingiti cha njia, vilima vyake, ufupi wake, mvua yake ya asubuhi. Mafundi wanaweza kuitengeneza, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kumbukumbu za miaka ya mvua na upepo wa pwani ile. Kijana atakayekabidhiwa safari za Kagera awe amekwisha kuikaribia Bukoba katika dhoruba mara nyingi ndani ya ukumbi, awe ameghairi humo, amekwenda Mwanza humo, kabla ya kuwachukua watu wa Rulenge na Nyakahura.

Wabunge wa Ngara na wa Biharamulo huuliza bungeni habari za lami na za viwanja, nao wanafanya vema. Waulize pia ni saa ngapi za simuleta hupewa marubani wa ndege zinazokuja Bukoba, zinasimamiwa na nani, na ni wangapi hurudishwa kujifunza tena. Nawe msomaji, siku kapteni atakapotangaza kwamba Bukoba haitulii na kwamba anawapeleka Mwanza, usinung'unike, wala usimpigie simu mtu wa ofisi ya shirika kumlaumu. Mshukuru unaposhuka, maana amefanya lile alilofundishwa.